Shanga Zilizosimama

Wacha niseme ukweli tangu mwanzo, msije mkanisuta baadaye. Mwanamume niliyempenda nilimjua sauti mwaka mzima kabla ya kumjua sura. Nilijua anavyokohoa. Nilijua anavyonyamaza akiwa amechoka na anavyonyamaza akiwa anacheka kimoyomoyo, na msidhani ni ukimya mmoja. Lakini kama angepita mbele ya duka letu la miwani na mfuko wake wa zana begani, ningemwacha apite zake.

Tulikutana kwenye gofu. Msinicheke. Fimbo ya gofu sijawahi kuishika mkononi, na uwanja wenyewe nimeuona kwenye kioo cha simu tu. Ni mchezo wa mtandaoni. Unacheza na watu usiowajua, wawili wawili, na mnazungumza kwa spika za masikioni. Kazi yangu mimi ni kuchonga lenzi katika chumba cha nyuma cha duka, na saa saba mchana wenzangu wakitoka kwenda kula, nilikuwa nabaki na mkate wangu kwenye kiti cha plastiki karibu na mashine, nacheza mashimo mawili matatu kabla hawajarudi. Siku hiyo mchezo ukanipangia mwenzangu aliyejiita Pimamaji. Mimi nilijiita Lenzi. Mpira wetu ulikuwa umeshafika kwenye zulia, ndivyo tulivyokuja kuuita ule uwanja mdogo wa majani yaliyokatwa chini kabisa, penye shimo na bendera, nami nilikuwa nimeshaulenga kwenye shimo kama mtu mwenye akili timamu.

"Dada," ile sauti ikasema sikioni, taratibu, "usiangalie shimo. Angalia shanga."

Sikuwa nimewahi kuzitilia maanani. Juu ya zulia pana mistari ya miraba, na kwenye mistari hiyo zinapita nukta ndogo za mwanga, kama shanga zinazoteleza kwenye uzi. Zinakokwenda ndiko bondeni. Zikienda mbio, mteremko ni mkali, zikijikokota, ni mdogo, na mpira nao unapinda kuzifuata. Kwa hiyo hulengi shimo. Unalenga pembeni yake, unauachia mteremko kazi ya kukurudishia mpira. Kipimo chetu kikawa kikombe, yaani upana wa shimo lenyewe. Alikuwa akiniambia vikombe viwili kushoto, nami nalenga vikombe viwili kushoto, na mpira unaondoka kama umepotea njia, unatangatanga weee, halafu katikati ya safari unakumbuka nyumbani, unapinda, unazama. Sijui niieleze vipi raha ya jambo hilo. Nilikuwa narudi kwenye mashine yangu mwili mzima umelegea.

Nilipomuuliza ujuzi huo kaupata wapi, akaniambia yeye ni fundi wa vigae, na pimamaji ni chombo chake cha kupimia usawa. Sakafu ya bafu lazima ilale kidogo kuelekea kwenye tundu la maji. Ikilala sana mtu atateleza, isipolala maji yatatuama, na yeye ana miaka kumi na mmoja yuko magotini akikitafuta hicho kidogo. Kila alipotaka kusoma zulia nilisikia mlio mwembamba, kwii, halafu kimya, halafu ndipo anataja vikombe. Nilidhani kiti chake kibovu. Mara mbili nilimshauri akitie mafuta.

Basi ndivyo mwaka ulivyopita, mchana kwa mchana. Nilimwambia habari za mashine, za meneja, za mteja aliyelala kwenye kiti cha kupimia macho mpaka akakoroma. Yeye alinieleza vyumba anavyovifanyia kazi, mwanga unavyoingia kwenye nyumba ambayo haijapata mapazia, sakafu mpya inavyonukia. Hakuna aliyetamka neno la mapenzi. Hakuna. Siku moja aliniambia, leo umelenga vizuri sana, nami nikatembea na sentensi hiyo wiki nzima, naitoa naitazama, nairudisha mahali pake.

Kisha akapata kazi ya mbali. Hospitali mpya inajengwa mahali pa safari ya siku tatu, sakafu zote ni zake, miaka miwili, na mtandao huko ni wa kubahatisha. Angeondoka Jumanne. Aliponiambia, nilisikia kiti kikilia kwii, ingawa hatukuwa kwenye zulia. Akasema kabla hajaondoka angependa kuja Jumapili kumsalimia mzee wangu. Mwanamume mzima anaposafiri mwendo wa saa nne kwenda kumsalimia baba wa mtu, kila mtu anajua anachofuata. Sikumuuliza. Nilimwambia karibu.

Nyumbani tulikuwa watatu, mimi, baba na shangazi. Baba aliendesha lori miaka thelathini, sasa amestaafu, anakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha na redio yake juu ya kitambaa. Mama alifariki nikiwa na miaka tisa, na tangu hapo baba ndiye aliyenisuka nywele, vibaya, lakini alinisuka. Nisingeolewa bila neno lake. Si kwamba angenizuia, mimi ni mtu mzima, najilisha mwenyewe. Ni kwamba nisingeweza. Kama Jumapili ile baba angesema hapana, Pimamaji angepanda basi, aende zake na miaka yake miwili, nami ningebaki na mkate wangu kwenye kiti cha plastiki. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina la mama yangu.

Shangazi alishatoa hukumu yake mapema. Mwanamume wa kwenye simu, alisema, ni sawa na nguo ya kwenye picha, huijui mpaka uivae, na ukishaivaa dukani hawaipokei. Baba alisema tu kwamba nisiende kuonana na mtu huyo barabarani wala hotelini. Aje hapa, saa tisa alasiri, amwone.

Hapo ndipo mimi, kwa akili zangu nyingi, nilipoharibu.

Miaka miwili kabla alikuja mchumba mwingine, wakala wa bima, mwenye viatu vya kung'aa. Alikaa, akanywa nusu kikombe cha chai, akasema bila kupepesa macho kwamba amekuja kunichumbia. Dakika kumi baadaye alikuwa mlangoni anatafuta viatu vyake vya kung'aa. Baba hakunieleza sababu, nami sikuuliza, maana moyoni nilishukuru. Lakini nililisoma somo. Baba hapendi kuendewa moja kwa moja. Basi siku tatu nzima nilimfundisha Pimamaji. Nilimwambia baba yangu ni zulia lenye mteremko mkali kwenda kulia, kwa hiyo lenga mbali kushoto. Anza na afya yake. Toka hapo nenda kwenye magari, halafu redio, halafu barabara za zamani. Neno lenyewe usiliguse. Yeye mwenyewe atapinda taratibu mpaka afike. Pimamaji aliuliza mara moja tu kama nina hakika. Nikamwambia zulia hili nimelisoma miaka thelathini.

Saa tisa kasoro dakika mbili, mlango ukagongwa.

Nilifungua, na mbele yangu akasimama mtu mrefu kuliko sauti yake. Hilo ndilo la kwanza nililowaza, Mungu anisamehe. Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, na vidole vyenye alama za saruji ambazo sabuni haikuziweza. Macho yake yalikuwa mapole na yalikuwa yamechoka na safari, na yaliponiangukia hayakuondoka. Sijui tulisimama pale kwa muda gani. Jua la alasiri lilikuwa limelala kizingitini, pazia lilikuwa linapumua nyuma yangu, na mimi nilikuwa namtazama midomo nikingoja itoe ile sauti, ili nihakikishe kwamba hawa wawili ni mtu mmoja.

"Lenzi," akasema.

Walikuwa mtu mmoja. Nikashika mlango.

Alimpa baba shikamoo kwa mikono miwili, baba akaitikia marahaba, shangazi akaitikia marahaba huku akimkagua kuanzia soksi kwenda juu. Nikaleta chai na biskuti. Kisha Pimamaji, maskini ya Mungu, akaanza kulenga kushoto kama nilivyomfundisha.

Akauliza afya. Baba akasema ni njema. Akauliza magoti, baba akasema na yenyewe ni mazima. Akaingia kwenye malori, akauliza ya zamani na ya sasa yapi imara, baba akajibu kwa maneno manne. Akaja kwenye redio. Aliisifu redio ile, akaisifu sauti yake, akaisifu mpaka kitambaa chake, nami niliona jasho jembamba likimtoka juu ya mdomo. Shangazi alikuwa anaitafuna biskuti yake polepole, kama mtu aliyekaa mbele ya filamu. Nikamtazama Pimamaji nikimwambia kwa macho, bado kidogo, atapinda, ngoja. Naye akameza mate akauliza kuhusu barabara.

Baba akaweka kikombe chini.

"Kijana," akasema, "umekuja kuichumbia redio?"

Shangazi akapaliwa. Mimi nilitamani sakafu ipasuke. Pimamaji akanitazama. Baba naye akanitazama, akamtazama yeye, akarudi kwangu, jinsi alivyokuwa akitazama vioo vya pembeni kabla ya kuhama njia. Nikawaza, basi, yamekwisha, miaka miwili imekwisha kabla haijaanza, na kosa ni langu.

Lakini baba hakusimama. Akavuta miwani yake kutoka mfukoni, miwani niliyoichonga mimi kwa mikono yangu, akaivaa. Akasema amesikia tulikutana kwenye mchezo, na anataka kuuona.

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Basi tukaegemeza simu yangu kwenye bakuli la sukari, Pimamaji akahamia kwenye kochi langu ili tutumie simu moja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu mabega yetu yakagusana. Alinukia pasi na vumbi la safari. Baba akainama upande mmoja wa meza, shangazi upande wa pili, tukafungua shimo fupi. Nikamweleza baba jinsi inavyokwenda, mmoja anapiga, mwenzake anamalizia, huu ni upepo, hii ni nguvu, na hizi zikitokea ni shanga, zinaonyesha mteremko. Baba akasema mteremko anaujua, ameshuka na tani thelathini mgongoni. Pimamaji akapiga. Mpira ukaruka juu ya maji, ukatua, ukabingirika kwenye zulia, ukasimama hatua mbili kutoka kwenye shimo. Hata mtoto angeumaliza.

Yeye alikuwa wa kusoma, mimi wa kusukuma. Akainama kuelekea kushoto, kichwa karibu kiguse bega langu, na kochi letu la zamani likalia kwii.

Mwaka mzima nilikuwa nausikia mlio ule nikadhani ni kiti kibovu. Kumbe ni yeye, anavyoinama ili aone vizuri kwa ajili yangu. Nilimtazama shingo, sikio, nywele chache nyeupe alizokuwa nazo pembeni ambazo sauti yake haikunitajia, na sebule ya baba ikaenda mbali, na chai, na shangazi, tukabaki sisi wawili ndani ya ule mwanga wa kijani.

"Kikombe kimoja kushoto," akanong'ona.

Nikalenga kikombe kimoja kushoto. Nikasukuma. Mpira ukaenda sawasawa nilikoulenga, haukupinda hata unywele, ukapita kando ya shimo ukasimama upande wa pili.

Hatukuwahi kukosa mpira wa hatua mbili. Shangazi akauliza kama ndiyo tumeshinda.

Baba alikuwa bado amekazia macho kioo. Akauliza mbona mpira haukupinda. Nikamwambia hapakuwa na mteremko.

"Na zile shanga?"

"Zilikuwa zimesimama, Baba."

"Mliziona kwamba zimesimama?"

Tukatazamana, mimi na Pimamaji. Tuliziona. Tena wote wawili. Lakini kwa muda mrefu tulikuwa tumezoea kulenga pembeni, na siku ile mioyo yetu ilikuwa inakwenda mbio, hatukuamini kwamba mahali pengine ni tambarare tu. Pimamaji akasema kwa sauti ya chini kwamba ndiyo, tuliziona.

"Sasa pembeni mlikuwa mnatafuta nini?" baba akauliza. Akavua miwani. Akaikunja taratibu, akanigeukia mimi. "Mama, wewe ulidhani yule wa bima nilimtoa kwa sababu alisema moja kwa moja?"

Baba akaendelea kwa sauti ileile ya kawaida. Alimuuliza yule bwana swali moja tu, binti yangu anafanya kazi gani. Akajibu kwamba anauza miwani. Miezi minane amenizungukazunguka, hajui kwamba sijawahi kuuza hata kamba ya miwani. Baba hakuwa na haja ya kumsikiliza zaidi. Kisha akamgeukia Pimamaji.

"Na wewe nakuuliza. Binti yangu anafanya kazi gani?"

Nikamwona anataka kunitazama, akajizuia. Akaweka mikono yake ya saruji juu ya magoti.

"Anachonga lenzi," akasema. "Mashine yake inapiga kelele upande wa kulia tangu mwezi wa tatu, meneja anamwambia ni masikio yake. Si masikio yake, hata mimi naisikia. Alhamisi ilimkata kidole cha shahada, akafunga kitambaa akaendelea, kwa sababu ile lenzi ilikuwa ya mwanafunzi mwenye mtihani kesho yake. Hakukwambia, mzee, kwa kuwa hataki uhangaike."

Baba akanyoosha mkono. Nikampa wangu, kama nilivyokuwa nikimpa nikiwa mdogo nikiwa nimechomwa na mwiba. Akaitazama plasta iliyokuwa kwenye kidole, muda mrefu, na hakuniachia.

"Haya," akamwambia Pimamaji. "Usizunguke mbuyu tena. Sema."

"Nampenda binti yako, mzee. Nataka kumwoa."

Mnaelewa kwamba mimi sikuwa nimewahi kuambiwa? Mchana mia tatu na zaidi wa kuzungumza, vikombe kushoto na vikombe kulia, na neno lenyewe nililisikia mara ya kwanza likienda kwa mtu mwingine, sebuleni kwetu, mkono wangu ukiwa kwenye mkono wa baba. Lilikuwa na sauti ileile ya angalia shanga. Machozi yakanitoka yenyewe bila kuniomba ruhusa. Nje mtu alikuwa anafagia uwanja wake, nikausikia ufagio ukienda na kurudi, na nikatamani asimalize kufagia, alasiri ile isimalizike, nikae palepale kati ya watu hawa wawili nikisikia ufagio.

"Na wewe, mama?" baba akauliza.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba hata mimi sikuwa nimesema. Si kwake, si kwa baba, si kwa shangazi, hata kwa kioo cha bafuni sikusema. Nilimfundisha mtu jinsi ya kumzunguka baba yangu, kumbe aliyekuwa akizunguka miaka yote ni mimi. Nikatazama kitambaa cha redio. Baba akakibonyeza kidogo kidole changu kibovu, akinirudisha.

"Nampenda, Baba," nikasema. "Aende kazini kwake, nitamngoja. Akirudi nataka kuwa mke wake."

"Miaka miwili," shangazi akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na miiba. "Na mtandao wa kubahatisha."

"Nitamngoja, Shangazi."

Baba akauachia mkono wangu. Hakuuachia hewani. Aliuweka mezani, karibu na bakuli la sukari, mahali ambapo mkono wa mtu mwingine ungeweza kuufikia, akarudi nyuma kwenye kiti chake. Akasema amekubali. Alilisema kama anavyosema redio ipunguzwe sauti. Akaongeza kwamba barua nazo zipo, na lori la barua halijawahi kukosa mtandao. Kisha akaonyesha simu kwa kidevu, akatuambia tumalize mpira wetu, haifai kuacha kitu katikati.

Mpira ulikuwa bado pale, upande wa pili wa shimo, hatua moja. Shanga zilikuwa zimesimama. Pimamaji akainama, kochi likalia kwii, na safari hii hakujiinua tena, alibaki vilevile bega lake likiwa limeegemea langu, na kidole chake kidogo kimekigusa changu kando ya bakuli.

"Moja kwa moja," akasema.

Nikasukuma. Sikulitazama shimo, wala sikuzitazama shanga. Shangazi ndiye aliyeniambia kwamba mpira umeingia.